Kutu Chini ya Jukwaa la Kobe

Uvumi ule ulimwingia mama Cheche asubuhi ya Jumatatu, mfagio mkononi, na tangu hapo ukagoma kumtoka. Aliuleta muuza karanga, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kuwekewa mlango. Alisimama kwenye geti la uwanja na kikapu chake, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Mama Cheche, umesikia? Wanasema siku jukwaa hili likijaa, watu hawatalikalia. Litakaa lenyewe, chini."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Mama, watu ni watu. Ukitaka majina nenda kwa karani." Akacheka, akaenda zake.

Mama akabaki anaufikicha mpini wa mfagio. Alikuwa amefagia uwanja ule miaka kumi na mmoja, kila Jumatatu baada ya mechi. Angetaka kucheka naye asingeweza, kwa sababu alijua jambo ambalo muuza karanga hakulijua. Alikuwa amelizoa mwenyewe kwa kizoleo, Jumatatu tatu mfululizo, akalitupa.

Timu ya uwanja ule watu waliiita Kobe. Lilianza kama tusi, kwa kuwa miaka kumi na tisa iliyopita ilishuka daraja, na tangu hapo ikawa inatambaa huko chini, haifi wala haifiki. Mashabiki wa timu za jirani wakiona mtu amevaa jezi ya kijani humwuliza, "Vipi, mmeshavuka barabara?" Mwisho wa yote mashabiki wenyewe walilichukua tusi wakalivaa. Kobe ni wetu, walisema, gamba gumu, mwendo wa pole, tutafika.

Jukwaa lenyewe lilikuwa la chuma, nguzo kumi na mbili chini, safu kumi juu, sakafu ya bati nene. Halikuwahi kujaa tangu timu iliposhuka. Katika mtaa ule, mtu akikuahidi kitu ambacho hutakipata, alikwambia, "Nitakupa siku jukwaa la Kobe likijaa." Ilikuwa kama kusema siku kuku akiota meno.

Na sasa kuku alikuwa ameanza kuota meno. Msimu ule alikuja kocha mpya, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa golikipa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Kobe wakacheza mechi nane bila kufungwa. Watu waliokuwa wamezitupa jezi chini ya vitanda wakaanza kuzitafuta. Mashabiki mia wakawa mia mbili, mia mbili wakawa mia nne. Ilibaki mechi moja, Jumapili, nyumbani. Wakishinda, wangeingia mchezo wa mwisho wa kupanda daraja.

Kadiri watu walivyoongezeka juu, ndivyo mama Cheche alivyozoa kitu kingine chini. Zamani alikuwa akikuta maganda ya karanga tu. Kisha yakaja magamba mekundu, membamba kama ganda la kitunguu, yamelala kwenye vumbi chini ya nguzo. Jumatatu ya kwanza yalikuwa ya kiganja. Ya pili, kikombe. Ya tatu, nusu kizoleo.

Kwa nini alinyamaza? Mwenye kuuliza hivyo hajakaa na mashabiki wa mpira. Mwaka mmoja nyuma mama alisema tu, kwa nia njema, kwamba anaona wingu. Mvua ikanyesha, Kobe wakafungwa nne bila, na wiki nzima hakuna aliyeitikia salamu yake sawasawa. "Mama ana nuksi," walisema. Tangu hapo alijifunza kufunga mdomo kabla ya mechi. Huko ndiko alikokosea, na alikosea Jumatatu tatu nzima.

Lakini mzazi ni mzazi. Mtu aliyekaa katikati ya jukwaa lile kila mechi, safu ya tano, alikuwa bintiye wa pekee.

Huyo binti alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ndiyo maana wakamwita Cheche. Alikuwa na miaka saba babaye alipombeba mabegani kwenda kuitazama timu siku iliyoshuka daraja. Watoto wengine waliondoka wakilia na kuchagua timu nyingine. Yeye alirudi wiki iliyofuata. Babaye alipofariki, aliendelea kukaa mahali pale pale, na nafasi ya babaye, upande wake wa kulia, hakuwa akimwachia mtu. Mashabiki walimchagua mwenyekiti wao, na yeye ndiye aliyeongoza kishindo. Kobe wakifunga goli, watu wote wa jukwaani hupiga miguu kwenye bati mara saba, kwa pamoja, na Cheche ndiye anayehesabu. Timu za jirani hazikuwa na kitu kama hicho. Kwa miaka mingi kishindo kilipigwa kwa nadra, kama sikukuu ya mtu maskini, na ndiyo maana walikipiga kwa nguvu zote.

Jumatatu ile, muuza karanga alipoondoka, mama alizoa tena. Kizoleo kilijaa. Hakutupa. Aliyafunga magamba kwenye gazeti, akatoka na sare yake ya kazi hadi karakana ya bintiye.

Cheche alikuwa amepiga magoti anachomelea geti. Mama alisubiri mwanga uzime, kwa kuwa alishaonywa asiutazame, kisha akafungua gazeti juu ya meza.

"Shikamoo mama. Nini tena hiki?"

"Marahaba. Wewe ndiye fundi, niambie."

Cheche alivua kinyago, akachukua gamba moja, akalivunja kwa kidole gumba. Uso wake ukabadilika.

"Umezoa wapi?"

"Chini ya miguu yako. Safu ya tano."

Nje mtu alikuwa anagonga bati. Kisha Cheche akalikunja gazeti polepole, akasema maneno ambayo mama hakuyategemea kutoka kwa mtoto aliyemlea:

"Mama, usimwambie mtu. Acha Jumapili ipite."

"Ipite iende wapi?"

"Wakijua watafunga uwanja. Mechi itapelekwa kwa watu wengine huko, na sisi ugenini hatujashinda mwaka huu. Mama, miaka kumi na tisa! Jumapili moja tu ndiyo naomba."

"Na hiyo Jumapili moja ndiyo watakayojaa," mama alisema. "Mimi sijasoma, mwanangu. Niliishia la saba. Lakini najua kizoleo. Watu mia, kiganja. Watu mia nne, kizoleo. Niambie wewe, watu elfu ni nini?"

Cheche akachukua nyundo.

Walifika uwanjani jua likiwa juu. Jukwaa lilikuwa linang'aa, kwa kuwa katibu wa timu alikuwa ameamuru lipakwe rangi ya kijani wiki iliyotangulia, kwa heshima ya mechi. Cheche akaanza kugonga nguzo moja moja, sikio amelitega. Nguzo nzima hulia. Ya kwanza ililia, ya pili ikalia. Ya tano, iliyobeba safu yao, ilitoa sauti ya kugonga gunia. Akagonga tena. Rangi ikapasuka, na nyundo ikazama kama kijiko kwenye uji.

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akaitazama nyundo iliyokwama. Mama alitaka kusema neno, akalimeza. Kuna nyakati mama hunyamaza kwa hekima, si kwa woga.

"Wamepaka rangi juu ya kutu," Cheche alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe niliisifu ile rangi."

Akasimama, akajifuta suruali. "Twende kwa katibu."

Ofisi ya katibu ilikuwa chumba kimoja chenye kikombe kimoja, na kikombe chenyewe cha mwaka ambao Cheche hakuwa amezaliwa. Katibu alikuwa mtu mwema, ila alitaka kupanda daraja kuliko alivyotaka kupumua. Alisikiliza, akajishika kichwa.

"Mama Cheche! Wewe tena? Mwaka jana mvua, mwaka huu jukwaa? Unatutafuta nini?"

"Katibu, mwache mama," Cheche alisema. "Nimegonga mwenyewe. Mbili zimeoza kabisa, tatu ziko njiani."

"Tutawaambia watu wasirukeruke."

"Watu elfu, wamengoja miaka kumi na tisa, uwaambie wasirukeruke?"

"Basi tuchomelee usiku kimya kimya, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Katibu akalegeza sauti, akaja kwa upole. "Mwenyekiti, wewe ni Kobe kuliko mimi. Baba yako alikuwa Kobe. Ukimwita mkaguzi, yeye akifunga, umeiua timu kwa mkono wako. Watu hawatakusamehe."

Kila kitu ambacho mtoto yule alikipenda tangu akiwa mdogo kilikuwa juu ya meza ile, na hapakuwa na mtu wa kumwamulia.

"Katibu," Cheche alisema, "timu ikipanda huku watu wake wako hospitali, itapanda na nani?"

Akatoka, akaenda moja kwa moja ofisi ya mkaguzi wa majengo. Mama alimfuata nyuma kwa hatua fupi, kichwa juu. Siku ile aliona kuwa alikuwa amezaa mtu.

Mkaguzi alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa mwanamume mkimya, kalamu sikioni, na hakuwa shabiki wa timu yoyote, jambo lililowashangaza wote. Alizunguka, akagonga, akapiga picha, akaandika. Jukwaa lote limefungwa, alisema. Cheche akamwomba siku nne. Mkaguzi akafikiri. Nguzo sita za upande wa kulia zilikuwa na nafuu. Zikikarabatiwa kama atakavyoagiza, na yeye akaridhika Jumamosi, upande huo utafunguliwa kwa watu mia nne tu, wamekaa. Upande wa kushoto hautakanyagwa na hata paka.

"Na jambo moja," alisema akiifunika kalamu. "Kile kishindo chenu nimekisikia. Hakuna. Chuma kikipigwa na miguu mia nne kwa mpigo mmoja hakivumilii, hata kikiwa kipya. Mkipiga, nafunga mechi ikiendelea."

Habari zikasambaa kabla mkaguzi hajafika getini. Mchana wa siku ile kuna waliompita Cheche njiani wakageuza uso. Mmoja alimwambia mama, kwa sauti ya kusikika, "Ama kweli, nuksi hurithiwa." Mama alirudi nyumbani akalia kidogo jikoni, akanawa uso, akabeba chupa ya chai kwenda uwanjani.

Alichokikuta kilimkausha machozi. Mafundi wa kuchomelea walikuwa saba. Cheche alikuwa amewaomba wawili. Wengine walikuja wenyewe, kila mmoja na mashine yake, na watatu kati yao walikuwa mashabiki wa timu ya jirani, ile ambayo Kobe wangecheza nayo Jumapili!

"Ninyi mnatafuta nini hapa?" Cheche aliwauliza.

"Tumekuja kuwatengenezea," alisema mmoja, mnene, jezi yake nyekundu ikichungulia chini ya ovaroli. "Tunataka tuwafunge mkiwa hai. Maiti hawana raha kuwafunga."

"Shika brashi ya waya basi, acha mdomo."

"Ndiyo, mama Kobe."

Siku nne walifanya kazi tangu alfajiri hadi giza lilipoanza. Walikwangua ile rangi nzuri hadi chuma kikaonekana. Walikata miguu ya nguzo iliyooza, wakaweka vipande vipya, wakaongeza mihimili ya kukingamana kati ya nguzo na nguzo. Muuza karanga, maskini, alikuja kubeba maji, na kwa mara ya kwanza hakuwa na habari ya mtu. Hata katibu alikuja Alhamisi, akavua koti, akaanza kuzoa magamba pamoja na mama. Baada ya muda akasema bila kumtazama, "Mama, samahani kwa ile habari ya mvua." Mama akamjibu, "Zoa vizuri na kule pembeni."

Jumamosi mkaguzi alikuja na nyundo yake mwenyewe. Aligonga sita. Zikalia sita. Akatia sahihi.

Upande uliofungwa ndio uliokuwa na nafasi ya Cheche katika safu ya tano, na ile ya babaye. Alifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe, akabandika karatasi, akaenda zake bila kugeuka. Mama alimwuliza, "Utakaa wapi kesho?" Akajibu, "Sikai. Mkaguzi anataka fundi wa kutazama nguzo mechi ikiendelea. Nimejitolea."

"Kutazama kutokea wapi?"

"Nyuma."

Nyuma ya jukwaa huoni hata jani moja la uwanja.

Basi Jumapili ilikuja, na watu wakaja kama maji. Mia nne walikaa kulia, wengine wote wakazunguka uwanja nyuma ya kamba, wengine juu ya ukuta. Kabla ya mechi Cheche alipanda mbele ya mashabiki wake na kipaza sauti cha katibu. Hakuwa msemaji. Alisema, "Mnanijua. Nimewahesabia kishindo tangu nikiwa na meno ya utotoni. Leo nawaomba mnihesabie ninyi. Goli likiingia, mikono juu. Miguu, hapana. Mguu mmoja tu ukipigwa, nitapuliza filimbi na wote mtashuka." Mtu mmoja akapiga kelele, "Na tusipofunga?" Akajibu, "Basi hamna shida." Wakacheka, lakini cheko la wasiwasi.

Akashuka, akaenda nyuma, filimbi shingoni, uwanja mgongoni, macho kwenye miguu sita ya chuma. Mama akaenda kusimama naye. Mkaguzi alikuwa amechora mstari wa chokaa, hatua sita kutoka jukwaani, wasivuke. Mama alisimama hatua kumi, na kila dakika mbili akamvuta binti nyuma kwa shati.

Wakaisikia mechi. Filimbi, miguno, sauti ya kocha ikikata hewa. Kipindi cha kwanza kikaisha bila kitu. Cheche alikuwa akifumba macho kila mpira ulipopigwa, kisha anayafumbua haraka na kurudi kwenye nguzo, kama mtu anayelea mtoto mgonjwa huku ngoma inapigwa nyumba ya jirani. Hakugeuka hata mara moja. Mama aliyeogopa kila kitu maishani mwake alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuona cha kuogopa.

Zikiwa zimebaki dakika chache, kelele ililipuka ambayo mama hakuwahi kuisikia uwanjani hapo. Watu wote juu wakasimama. Chuma kikaguna. Cheche akaweka filimbi mdomoni. Kisha kikasikika: pu! Mguu. Pu! Wa pili, miguu ishirini, thelathini. Vumbi jembamba likadondoka kutoka kwenye mhimili. Mama akashika mkono wa bintiye, Cheche akavuta pumzi apulize.

Na hapo, kutoka juu, sauti za watu wenyewe: "Miguu! Miguu jamani! Kaeni! Mikono juu!" Sauti za wazee, za wanawake, za vijana waliomwita mama nuksi. Pigo la tatu halikuja. Watu mia nne waliongoja miaka kumi na tisa wakaketi na furaha yao, wakainua mikono, na wakanyamazisha miguu kama watu msibani. Chuma kikatulia. Nguzo sita zikasimama kama zilivyo.

Cheche akatoa filimbi mdomoni. "Mama," alisema, "nani kafunga?"

Hakujua. Maisha yake yote alikuwa akilijua goli kwa miguu.

"Sijui, mwanangu. Mimi nasikia watu wanalia."

Kichwa cha muuza karanga kikachungulia juu ya ukingo wa safu ya mwisho, machozi yanatiririka kuelekea kwenye paji la uso kwa jinsi alivyoinama. "Cheche! Sisi! Ni sisi! Krosi ya kushoto, kichwa, ndani! Hukuona?"

"Sikuona."

"Hata kidogo?"

"Kaa chini wewe, unaning'inia!"

Alicheka, akalia, akarudisha macho kwenye nguzo, kwa kuwa zilibaki dakika sita. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wasemao hawakukosea. Kobe walishinda moja bila. Mashabiki waliposhuka, safu kwa safu, bila kusukumana, kila mmoja alipita nyuma ya jukwaa kumpa Cheche mkono. Fundi mnene wa jezi nyekundu naye alipita, uso umemshuka. "Kazi nzuri," alisema. "Ningejua ningeacha nguzo moja." Mtu mmoja aliyewahi kumgeuzia mama uso alisimama mbele yake, akamwamkia tu: "Shikamoo, mama." Mama akaitikia kwa sauti ya mtu mwenye mtoto.

Mchezo wa mwisho wa kupanda daraja ni mwezi ujao. Hakuna ajuaye kama watapanda. Lakini watu wana matumaini, na matumaini hujaza majukwaa. Kwa hiyo wazazi, na ninyi mashabiki wa timu yoyote ile, haya ndiyo ya kuepuka:

Usizoe kutu ukaitupa. Uliza imetoka wapi.

Usipake rangi juu ya kutu, hata kama mgeni rasmi anakuja.

Usimwambie mtu mwenye hofu kwamba ana nuksi. Msikilize kwanza, kisha ucheke ukitaka.

Usiamini jukwaa kwa sababu halijawahi kuanguka. Uliza kama limewahi kujaa.

Usingoje mechi kubwa ipite ndipo useme.

Usikubali ukarabati ambao mkaguzi hakuuona.

Usipige miguu kwa pamoja juu ya chuma wala mbao.

Usipande juu ya ukuta wa uwanja. Jumapili ile walipanda, na hilo nalo halikuwa sawa.

Usikae chini ya jukwaa lenye watu, hata uwe fundi.

Usimwache mtoto mdogo safu ya juu peke yake ukaenda kununua karanga.